Chumvi Isiyoliwa

Nikisema chumvi, usinyooshe mkono mezani.
Hii haikolezi mchuzi, haikaushi samaki.
Naipika Panevėžys, jengo la matofali nyuma ya reli,
glavu mbilimbili, miwani inanibana masikio,
na dirishani theluji imeshageuka tope.

Nikotini ikiwa peke yake ni besi,
na besi ina hasira zake.
Ivute mvukeni ikiwa nyingi,
koo litainuka kama bawabu aliyeamshwa usiku:
Nani wewe? Rudi!
Ndipo mtu hukohoa.
Nilipoanza kazi hii sikujua
kwamba kikohozi ni swali.

Basi tunaitafutia mwenzi.
Asidi ya benzoiki, unga mweupe, mwepesi,
ile ile iliyomo ndani ya beri nyekundu za misitu ya Dzūkija
ambazo bibi aliziloweka katika maji ya kisima,
zikakaa mtungini hadi Pasaka, haziozi.
Nilidhani ni dua zake.
Ilikuwa asidi.

Napima, nakoroga, nasubiri.
Asidi inatoa protoni moja,
kidogo kuliko kidogo,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi,
na hasira inakaa chini.
Hakuna kilichopungua. Hilo lishike.
Miligramu ishirini zimebaki ishirini,
ila sasa zinapita mlangoni zimevua viatu.

Baba yangu Vygantas, fundi wa kuchomelea vyuma,
alivuta sigara miaka arobaini na mmoja.
Vidole vyake rangi ya chai iliyolala.
Kimiminika cha kwanza nilichomletea hakikuwa cha chumvi;
kilimkwaruza, akakitupa kwenye ndoo ya majivu,
akarudi kwa pakiti yake jioni ile ile.
Hiki cha pili akakipokea.
Mwezi wa nne akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano
bila kusimama,
akabisha hodi kwa fujo ili nijue.
Nililia jikoni, nikasingizia kitunguu.

Laiti shairi lingeishia hapo.

Jumatano mwalimu akanipigia.
Eimantas, mtoto wa dada yangu aliyeko Norwei
kwenye kiwanda cha samaki. Ana miaka kumi na minne.
Ndani ya soksi yake walikuta kidude cha waridi
kinachonuka tikitimaji,
kilichovuka mpaka bila karatasi.
Hakikutoka kwetu, nikasema.
Hakikutoka kwetu.
Mara ya tatu nikajisikia, nikanyamaza.

Nyumbani nikamuuliza:
Mara ya kwanza, hukukohoa?
Akanishangaa.
Nikohoe kwa nini? Ni laini, mama mdogo.

Laini.
Ndilo neno tunaloliandika kwenye daftari la majaribio,
safu ya sita, na saini yangu pembeni.

Saa tisa usiku nilimsikia korido nzima
akipekua mifuko ya makoti,
langu, la baba, hata lile la dada
lililoning'inia tangu aondoke.
Sikuwasha taa. Ningemwambia nini?
Baba yangu amekula chumvi nyingi,
na hii ya kwangu imemwongezea siku;
mtoto huyu hajamaliza hata kijiko,
na chumvi imeanza kumla yeye.
Chupa ni moja. Mizani ni moja.
Anayepima ni mimi.

Kulipokucha nikafungua mtungi wa mwisho wa beri,
zile za mwaka jana, nzima, zinang'aa.
Nikamwekea bakulini bila sukari.
Akatia tatu mdomoni pamoja,
uso ukajikunja kama karatasi, machozi yakamtoka,
akakohoa, akakohoa tena,
akanitazama kana kwamba nimemlaghai.

Kali! akasema.

Nikavuta kiti, nikamsogezea bakuli.
Zamu yangu ilikuwa imeanza saa kumi na mbili.
Simu ikaita juu ya friji.
Nikaiacha iite.